Ngumi Kifuani

Jumapili, 2 Juni

Nimefika. Chumba namba nne, vitanda viwili, dirisha lisilofunga vizuri. Kitanda changu ni kile cha ukutani. Mwenzangu wa chumba ama hajafika ama amefika akatoka, maana kuna sanduku la chuma juu ya godoro lake. La chuma! Nani anasafiri na sanduku la chuma?

Daftari hili nililinunua la mwanangu Kibonge, achorechore. Sasa natumia mimi. Ukurasa wa kwanza una mistari yake ya kalamu nyekundu. Siuchani.

Niandike nimekuja kufanya nini, nikikata tamaa nirudi kusoma. Kampuni yetu ya kufuga samaki inataka wazamiaji wake yenyewe, wa kukagua nyavu za vizimba chini ya maji, imechoka kuita watu wa nje. Wamechagua sita kutoka vituo mbalimbali. Kutoka meza ya kupanga samaki ni mimi peke yangu. Msimamizi alisema, wewe unajua kuogelea na hulalamiki, nenda. Siku kumi na moja. Ukifaulu unakuwa mzamiaji, na mzamiaji anapewa chumba kituoni. Chumba chenye mlango wake! Na watoto wanaruhusiwa. Kwenye bweni letu sisi wapanga samaki hawaruhusiwi, ndiyo maana Kibonge yuko kwa bibi yake.

Mama mkwe aliniambia wakati namkabidhi mtoto: mwezi huu ukiisha huna pa kukaa naye, mwache hapa moja kwa moja mpaka aanze shule, usimyumbishe. Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningeweza kumjibu.

Baba Kibonge simu yake haipatikani tangu mtoto ana miezi mitatu. Sasa ana mwaka na miezi minane. Basi.


Jumatatu, 3 Juni

Ni machimbo ya zamani. Walikuwa wanachimba mawe ya kujengea, wakaacha, mvua ikajaza. Shimo kubwa, kuta zimekatwa wima kama keki, maji ya kijani yametulia tuli. Na chini kuna basi! Basi zima na viti vyake. Walilizamisha makusudi, wanafunzi wawe na mahali pa kufikia. Mita kumi na mbili.

Mwalimu ana sauti ndogo, mpaka umsogelee ndipo umsikie. Alituita wazamiaji, na mmoja akadakia: Mwalimu, hilo jina baya, nyumbani wakisikia nasomea uzamiaji watadhani natoroka kwa meli bila tiketi! Tulicheka. Huyo ni Doto. Yeye na mwenzake ni waendesha boti wa kituo kimoja, hawajazaliwa pamoja wala hawafanani, lakini mmoja akienda chooni mwingine anangoja mlangoni. Kabla ya chai walishabatizwa Kurwa na Doto. Kurwa mrefu wa mwili, Doto mrefu wa mdomo.

Yupo Karani wa stoo, ana miwani na maneno ya vitabuni. Yupo msichana wa maabara, anapima magonjwa ya samaki, tunamwita Daktari wa Samaki. Mpole, kucha safi. Na yupo mwenye sanduku la chuma. Ni mama mtu mzima, mchomeleaji, ndiye anayeunga fremu za vizimba kule kituo kikubwa. Fundi. Sanduku amelitengeneza mwenyewe. Mikono yake minene, na vidole havinyooki kabisa, vimebaki vimejikunja kidogo kama bado vimeshika koleo. Nilimsalimia, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba." Mazungumzo yakaishia hapo mpaka saa hizi.

Halafu Mwalimu akasema, kila mtu atafute mwenza. Doto tena: Mwalimu, mmoja ninaye nyumbani, akisikia nimetafuta mwingine chini ya maji, narudi nakuta nimefungiwa mlango! Mwalimu alingoja kicheko kiishe. Akasema mwenza wa majini ndiye amebeba hewa yako ya akiba. Mnashuka pamoja, mnapanda pamoja. "Atakayemwacha mwenza wake, hata akiwa na sababu nzuri, cheti simpi."

Kurwa kwa Doto. Karani kwa Daktari wa Samaki, haraka haraka. Nikabaki mimi nimesimama na viatu vya mapezi mkononi kama mtu aliyekosa kiti. Fundi alikuwa amekaa pembeni, hata hakutafuta. Mwalimu akatuonyesha kwa kidole: wewe na wewe.

Mwenza. Wa mwisho kuniita hivyo ni yule asiyepatikana.

Suti ya mpira inabana! Kibonge nilimwachisha ziwa wiki mbili tu kabla ya safari na maziwa hayajapewa taarifa. Suti ilipobana, yakatoka. Nilisimama kwenye chumba cha kubadilishia nikalia kama mjinga. Fundi aliingia, akatazama, akatoka, akarudi na kitambaa cha pamba amekikunja mara nne. Akanipa. Akaenda zake. Nilisema asante kwa mgongo wake.


Jumanne, 4 Juni

Bwawa la kuogelea tu, maji ya kifuani. Kutoa mpira wa kupumulia mdomoni na kuurudisha. Kujaza maji kwenye miwani na kuyatoa kwa pua. Mara ya kwanza nilikurupuka juu nakohoa. Mara ya tano nimeweza! Mwalimu aliniambia nina pumzi ndefu, natumia hewa kidogo. Kusifiwa pumzi! Maishani sijawahi.

Ishara. Chini ya maji hakuna maneno. Gumba na kidole cha shahada vikifanya duara — niko sawa. Gumba juu si "poa", ni "tupande". Ngumi kifuani — hewa yangu inapungua. Kiganja shingoni kama kisu — hewa imekwisha kabisa. Nimechora zote nyuma ya daftari. Geji, ile saa ya kupima hewa ya mtungi, inaanza mia mbili. Ikisoma hamsini uwe juu, au njiani kwenda juu.

Jioni niliwapigia. Mama mkwe alimwekea Kibonge simu sikioni. Haongei kwenye simu, anapumua tu. Hhh. Hhh. Nilikaa nasikiliza kama dakika nne. Leo bwawani na mimi nilikuwa nasikia pumzi yangu tu, hivyo hivyo. Nikimwambia mtu atacheka. Wa kumwambia mwenyewe yuko wapi.


Jumatano, 5 Juni

Kitabu. Kurasa tisini. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne. Wenzangu wamekaa mezani wanaulizana maswali. Nilipita mara mbili nione kama wataniita. Hawakuniona, sidhani kama ni makusudi.

Fundi naye hakusoma. Alifungua kitabu, akakisogeza mbali, akakifunga, akalala.


Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Niiandike yote iishe.

Tulishuka kwenye basi kwa mara ya kwanza, wote sita na Mwalimu. Kamba inashuka, unaifuata. Mita tano maji yanabadilika, baridi kama umefungua friji. Nilivaa glavu za kuazima, kubwa, nene. Mita saba sikio likauma, nikasimama. Wengine wanaendelea kushuka, nawaona visogo. Nikajua wataniacha. Fundi alisimama. Akanishika mkono wa juu, akanipandisha kidogo, akabana pua yake kunikumbusha nisukume hewa masikioni. Pwu! Sikio likafunguka. Tukashuka wote. Na basi likatokea! Kwanza kivuli, halafu taa za mbele, halafu mlango wazi kabisa kama linangoja abiria. Kurwa alishaweka mguu ndani.

Nikamgeukia Fundi nikaweka mkono kifuani. Asante. Nyumbani nimekua hivyo, mdomo ukiwa na chakula au mtu akiwa mbali unaweka kiganja moyoni, anaelewa. Sikufikiri. Na ndani ya ile glavu kubwa vidole vilijikunja vyenyewe.

Fundi akaona ngumi. Hewa inapungua! Akamgonga Mwalimu. Mwalimu akawaonyesha wote gumba. Kundi zima juu. Nilitikisa kichwa, nikatikisa mikono, ikazidi kuonekana nimechanganyikiwa, Mwalimu akanishika fulana yangu ya hewa akapanda na mimi mwenyewe.

Juu akasoma geji yangu. Mia na sitini. Akaniuliza kulikoni. Nikasema, nilikuwa namshukuru Fundi.

Doto akadakia: yaani asante ndiyo imetupandisha sisi? Kurwa akasema mguu mmoja ulishakuwa ndani ya basi. Karani akasema mawasiliano ni msingi wa usalama. Daktari wa Samaki alikuwa anatetemeka kwa baridi, ile ya bure niliyomletea mimi.

Mwalimu alisema afadhali kupanda bure kuliko kutopanda. Lakini aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Fundi alivua glavu zangu akazitazama, akasema, "Kubwa hizi." Akanipa zake, akachukua zangu. Basi.


Ijumaa, 7 Juni

Nimekuwa Asante. Ndilo jina langu sasa. Asubuhi mezani Doto alipopewa sukari alijipiga ngumi kifuani, pu! Kurwa akajibu, pu! Karani akaomba chumvi, pu! Kila mtu anacheka, na mimi nikacheka. Mpaka mpishi wa hapa amejua, ananimiminia chai na ngumi kifuani.

Si kwa ubaya. Jana walikuwa hawaniiti kabisa, leo wananiita. "Asante, njoo tukae!" Nilikaa. Waliongea habari za vituo vyao, nani kahamishwa, nani kaoa. Sijui hata mmoja wao. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kuwa peke yako chumbani ni afadhali kidogo, huna haja ya kutabasamu.

Fundi peke yake hachezi huo mchezo. Anapewa chai, anachukua. Anapewa mkate, anachukua. Doto amemwambia, mama, hata asante ya mkono? Akamjibu, "Kwani chai ni yako?"

Nimemchunguza. Hajasema asante hata mara moja tangu tufike. Kwa mtu yeyote.


Jumamosi, 8 Juni

Nimejua kwa nini Fundi hasomi.

Tulikuwa kina cha mita sita, mazoezi ya kuangaliana geji. Nikamwuliza kwa ishara, ngapi? Akaishika, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akanionyesha vidole — mia na arobaini. Nikaichukua nikatazama. Themanini.

Chumbani nilifunga mlango. Nikamwambia, mama, huoni. Nilidhani atanifukuza. Akakaa juu ya sanduku lake. Akasema miaka kumi na tisa ya kutazama moto. Vya mbali anaona, hata mshono wa fremu ng'ambo ya kiwanja anaona umekaa vibaya. Vya karibu vimefutika, na chini ya maji ndiyo basi tena. Nikamwuliza kwa nini hasemi, si watamtafutia miwani? Akasema wakijua macho yameharibika hawatamnyima uzamiaji tu, watamwondoa na kwenye kuchomelea. Nyumbani ana baba yake, mgonjwa wa kitandani, na ana yeye mwenyewe. Ameomba uzamiaji kwa sababu kule chini hakuna moto.

Halafu akasema, "Wewe macho yako mazima."

Tumepatana hivi. Kila baada ya muda nachukua geji yake nasoma, nambonyeza kiganja. Mara tatu, mia na hamsini. Mara mbili, mia. Mara moja, mama tupande. Na jioni hii nimemsomea kurasa ishirini na mbili za kitabu. Nasoma taratibu, nakwama, nasoma kwa kidole. Hakucheka. Yeye akisikia mara moja ameshika! Mimi nikisoma kwa sauti naelewa. Kwa hiyo tumesoma wote wawili kwa macho ya mmoja.

Ni kosa, najua. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nifike, mtu ananihitaji mimi, si mkono wowote tu wa kupanga samaki.


Jumapili, 9 Juni

Mapumziko. Wengine wameenda mjini kutembea. Doto aliita mlangoni, nilikuwa nafua, nilipotoka walishaondoka.

Nilipiga simu mapema. Kibonge anapumua. Nikamwita, nikamwita. Akasema "Mama!" Moyo ukaruka. Mama mkwe akacheka: ananiita mimi huyo, siku hizi ndivyo anavyoniita.

Nilisema, eti? Kumbe anaongea!

Maziwa yamekauka leo. Au jana, sikuangalia.


Jumatatu, 10 Juni

TUMEPANDA BASI!

Wote sita, chini, mita kumi na mbili. Tuliingia kwa mlango, mmoja mmoja. Karani alikaa kwenye usukani. Doto alisimama mlangoni akanyoosha mkono kama anaita abiria, mapovu yanamtoka kwa kicheko. Mimi na Fundi tulikaa kiti cha tatu, upande wa dirisha. Samaki wadogo wa rangi ya bati walipita dirishani kama ndio wanasafiri na sisi tumesimama. Nilishika mkono wa Fundi, mara tatu. Baadaye mara mbili. Alitikisa kichwa, hakutaka kushuka. Na mimi sikutaka.

Ningekuwa na Kibonge mapajani ingekuwa safari kamili.

Nilirudi na mia na kumi. Mwalimu alisema mbele ya wote: pumzi kama hizi ndizo za kazi. Wote wakanipigia ngumi kifuani, pu pu pu! Safari hii ilinipendeza.


Jumanne, 11 Juni

Mtihani wa kuandika. Maswali thelathini. Nimemaliza wa mwisho lakini nimemaliza! Fundi alimwambia Mwalimu kichwa kinamgonga, akaruhusiwa kujibu kwa mdomo. Amepata mengi kuliko Karani. Nilibana kicheko mpaka machozi.

Halafu Mwalimu akatangaza: kesho ni mbizi ya mwisho, na wenza wanabadilishwa. Kazini hamtachaguliana, alisema. Kurwa na Doto wawe na yeye Mwalimu. Mimi na Daktari wa Samaki. Fundi na Karani.

Nilimtazama Fundi. Alikuwa anatazama maji.

Chumbani nikamwambia twende tumwambie Mwalimu. Akasema hapana. Akasema atajua kwa pumzi, hewa ikikaribia kwisha inakuwa nzito kuvuta, atamwonyesha yule kijana ngumi, watapanda. Ni dakika thelathini tu. "Usiniharibie," alisema. Hakusema tafadhali. Huyu hasemi maneno hayo.

Nimekubali. Sijui kama nimekubali kwa ajili yake au kwa ajili ya chumba. Kwa sababu akiulizwa tangu lini, na mimi nimo.


Jumatano, 12 Juni

Saa saba mchana. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu. Nywele bado mbichi, zinadondokea karatasi. Fundi yuko ndani. Nilipotoka mimi yeye akaingia, na akitoka naitwa tena. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Tulishuka saa sita. Mimi na Daktari wa Samaki tulipewa kukagua upande wa nyuma wa basi, kama ni wavu. Kugusa, kutazama, kuandika kwenye kibao. Anafanya kazi vizuri, ana mikono ya maabara. Mwalimu alikuwa mbele na Kurwa na Doto. Fundi na Karani ubavuni, kama hatua kumi na tano kutoka kwetu. Kila nilipoandika neno nilimtazama Fundi. Kila nilipomtazama Fundi nilikosea neno.

Dakika ya ishirini na kitu niliona Karani anamwuliza, ngapi? Fundi akaishika geji, akaisogeza mbali, akaonyesha vidole. Nilijua anabuni. Moyo ulinipiga mpaka nikausikia kwenye mpira wa mdomoni.

Halafu akaweka ngumi kifuani.

Na Karani akatabasamu! Niliona macho yake yamefinywa ndani ya miwani. Akajipiga ngumi kifuani na yeye, pu, akageuka kuendelea na kazi. Alidhani ni ule mchezo wetu. Asante yangu ya Alhamisi! Siku ya mwisho, amedhani mama huyu hatimaye amechangamka.

Fundi akaweka ngumi tena. Karani ameshampa mgongo.

Nilimpa Daktari wa Samaki kibao. Nilimpa tu, kama unavyompa mtu mzigo akushikie. Nikaenda. Mapezi yangu sijui kama yaliwahi kupiga hivyo. Nilipomfikia alikuwa ameshaweka kiganja shingoni. Nikampa mpira wangu wa akiba, akaukamata kwa meno kama mtoto mwenye njaa. Alivuta, akavuta. Nikamshika fulana, akanishika yangu, macho kwa macho. Tukapanda, pole pole kama tulivyofundishwa, mtungi mmoja, watu wawili. Geji yake niliisoma njiani. Sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri.

Juu, Karani alikuwa amekaa kwenye jiwe anasema, nilidhani anashukuru, jamani, mimi nilidhani anashukuru. Doto alimwekea taulo mabegani.

Daktari wa Samaki alipanda peke yake. Mita kumi na mbili, peke yake, na kibao changu mkononi. Nilimfuata nikamwambia nisamehe, nilikuona umeshika nguzo ya mlango, nilijua uko salama. Akasema, hukuona. Hukugeuka hata mara moja. Ningekuwa mimi ndiye nimeishiwa, ungejua? Meno yake yalikuwa yanagongana.

Ni kweli. Sikugeuka.

Mwalimu alianza na mimi. Aliuliza kama nakumbuka kanuni ya mwenza. Nakumbuka. Ulimwacha wako? Nilimwacha. Akaandika. Halafu akaweka kalamu chini: wiki nzima mnapigiana ngumi kifuani kwa mzaha, nimeona, na ni kosa langu sikukataza. Wewe ulikuwa mbali. Ulijuaje kwamba hii si mzaha?

Nikasema, "Fundi huwa hasemi asante."

Akasema, hiyo tu?

Nikasema hiyo tu.

Akasema kwa ile sauti yake ndogo: mtu ana geji mkononi, siku zote anarudi na hewa ya kutosha akiwa na wewe. Siku ya kwanza bila wewe inaisha yote. Nieleze.

Nilitazama maji yanayonidondoka kwenye sakafu yake. Nikisema macho, pengine ataona nilikuwa na sababu ya kumwacha Daktari wa Samaki, ingawa alisema hata sababu nzuri haikubaliki. Pengine ataona nilimdanganya siku nne. Na Fundi hatarudi kwenye maji wala kwenye moto. Nikinyamaza, mimi ni yule tu aliyemwacha mwenza wake. Hakuna cheti, hakuna chumba. Kibonge anamwita bibi yake mama, na ataendelea.

Nilinyamaza. Mwalimu akasema, kaa nje ufikiri. Nitaongea na mwenzako, halafu nitakuita. Jibu lako la pili ndilo nitakaloliandika.

Kwa hiyo nafikiri. Nimefikiri mpaka kichwa kimekuwa cheupe. Ndani sauti yake haisikiki, ile ya Mwalimu. Ya Fundi ndiyo inasikika, lakini si maneno, mngurumo tu. Anaongea sana. Siku kumi na moja sijamsikia akiongea hivyo! Anasema nini muda wote huu?

Simu inatetemeka mfukoni. Mama mkwe. Kibonge atakuwa ameshaishika anapumua. Nikipokea nitalia, na jibu litatoka humo kwenye kulia. Siipokei. Mwanangu, nisamehe dakika tano.

Imeacha.

Ndani kumenyamaza.

Mlango. Fundi ametoka. Haji huku, amesimama pale pale kizingitini, ananitazama. Vya mbali anaona. Mkono wake unapanda, taratibu, umefika kifuani. Hiyo ni nini, mama? Ngumi au kiganja? Vidole vyake havinyooki hata siku ya kawaida! Kama ni ngumi yamekwisha, ya kwake au ya kwetu wote. Kama ni kiganja, basi ni asante —

Mwalimu anaita. Nimesimama, naandika nimesimama. Mkono wangu wa kushoto nao umeshapanda kifuani wenyewe, huu wa kulia bado una kalamu